Pikapu Iliyochemka Mbele ya Nyumba ya Bibi

Mwezi uliopita nilikuwa naelekea Umwe kumwona mama yangu mdogo. Karibu na Kibiti, gari likaanza kufuka mvuke mbele. Kijana wa gereji akaja, akachomeka kifaa chake chini ya usukani, akasoma kioo, akaniambia kilichoharibika hata boneti hajaifungua. Nilimshukuru. Lakini nakwambia, rafiki yangu, mawazo yangu yalikuwa yamekwisha rudi barazani kwa bibi.

Nyumba ya bibi ilitazama barabara hiyohiyo, enzi hizo ya vumbi, pale magari yanapoanza kupandisha. Bibi alikaanga mihogo ya kuuza, na mama mdogo alikaa mkekani akisuka ukili wa mikeka, mimi nikimchambulia miyaa, yale majani ya kusukia. Alikuwa mjane kijana. Eda ilikuwa imekwisha zamani, lakini kicheko hakikurudi. Alisuka tu.

Basi ikawa pikapu moja kuukuu kila ikipita inachemka mbele yetu. Dereva wake, mtu mpole wa kijiji cha Mkongo aliyebeba mpunga, alishuka akifuta jasho.

"Shikamoo mama. Limechemka tena. Naomba maji."

Mama mdogo ndiye aliyekwenda kisimani, na hakuwa na haraka. Dereva akisubiri gari lipoe alikula mihogo, akasifu mikeka, akaaga.

Bibi akamwonea huruma. "Mtoto wa watu atakuja kukwama porini na gari hili," alisema. Siku moja ilipofuka akanituma nimwite jirani yetu, fundi wa magari. Dereva alipomwona anakuja na spana zake, akababaika.

"Mama, usijisumbue. Nitalitazama mwenyewe."

"Nyamaza, baba. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Fundi yule alipenda kufanya kazi huku akieleza. Alisimama akinusa hewa kama mpishi. "Moshi mweusi, injini inamwagiwa mafuta kuliko inavyoweza kuyachoma. Wa buluu, inaunguza oili. Huu mweupe unatoka kwenye rejeta, wala haunuki oili. Ni maji yanachemka. Sasa, kwa nini yanapungua?" Akapapasa mipira ya maji, akavuta mkanda wa feni, akachomoa kijiti cha oili kuona kama haijachanganyika na maji. Vyote vizima. Akaingia uvunguni, na baada ya kitambo tukamsikia akiguna.

"Bwana, koki ya kumwagia maji imelegezwa. Hii si mitikisiko ya barabara, ni mkono wa mtu. Ukiendelea hivi utaiua injini."

Dereva akainamisha kichwa. Mafuta ya mihogo yakawa yanachachatika peke yake, maana bibi alikuwa amesahau kugeuza. Alimtazama dereva, akamtazama binti yake, akaelewa.

"Hodi haipigwi kwa mvuke, baba," alisema kwa upole. "Rudi Mkongo, ukalete wazee wako."

Ndipo mama mdogo alipocheka. Alicheka mpaka akauficha uso kwa upindo wa kanga yake, na sisi sote tukageuka kumtazama, kwa kuwa tulikuwa tumeisahau sauti ile.

"Mimi nilijua zamani," alisema. "Nilikuwa nakata miyaa kule konani, nikamwona ameinama chini ya gari."

"Na hukusema?" bibi akamuuliza.

"Ningesema, mama, asingesimama tena."

Wazee walikuja kabla mvua hazijaanza. Dereva akawa baba yangu mdogo, wakahamia Umwe, na pikapu ile haikuchemka tena mpaka ilipouzwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kutofautisha moshi na mvuke, kwa subira ileile ya kungoja maji. Tulimzika mwaka jana.

Siku hizi hapo ni lami. Nyumba ya bibi ilivunjwa, kisima kimefukiwa, na madereva hununua maji ya chupa bila kuzima injini. Hakuna anayejua jina la mtu wa kando ya barabara. Nilipofika Umwe nilimuuliza mama mdogo kama akipita pale hupatambua, maana mimi mwenyewe hunipotea.

"Nikiwa kwenye basi nafumba macho," alinijibu. "Likianza kupandisha, najua nimefika kwetu."