Tulivyowaombea Wasioamini wa Itaka

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Kituo cha misheni, mmisionari mrefu aliyesema Kiswahili taratibu kama anayepima nguo, alinipeleka mlimani nyuma ya nyumba yake akanionyesha moshi wa majiko ya vijiji. "Mwinjilisti," akasema, "kila moshi usio na Mkristo ni kazi yako. Kuhubiri ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwaombea." Nilikuwa nimetoka sekondari, jambo adimu enzi hizo za Mwingereza. Wenzangu walikwenda boma kuwa makarani. Mimi sikuweza kukaa kitini. Kazi hii ilikuwa ya miguu, nami nikaipenda asubuhi ileile.

Ninyi vijana mnaopanda baiskeli kwenda kwenye matawi hamjui tulivyofanya. Tawi lilikuwa kanisa dogo la miti na udongo, mbali na kituo, chini ya mwinjilisti mmoja. Kengele ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa, tukaigonga kwa chuma. Mwinjilisti alifundisha darasa la ubatizo, alizika, alipatanisha waliogombana, na Jumapili baada ya mahubiri aliongoza maombi ya wasioamini. Utaratibu wa kituo ulikuwa mmoja: watu wafumbe macho, mwinjilisti ataje kwa sauti jina la kila asiyeamini wa kijiji kile, na baada ya kila jina watu waitikie, "Bwana, mwokoe."

Nilianzia Mbebe, kwetu milimani, ambako Mchungaji wa zamu alinifundisha kufunga mzigo na kunyamaza mbele ya wazee. Huko maombi yalikwenda vizuri, maana karibu kila nyumba ilikuwa na mwamini wa kuwaeleza wenzake maana yake. Kisha nikahamishiwa Itaka, kwa Wanyiha, kwenye tawi changa.

Tawi hilo lilisimama pembeni mwa shamba la ulezi la Mzee Haonga, mhunzi wa majembe. Yeye hakuamini, ila mkewe, Nalwimba, alikuwa darasani kwangu, mwanafunzi hodari kuliko wote, akingoja ubatizo wa Pasaka. Nilimweka Haonga wa kwanza katika maombi, kwa heshima.

Jumapili moja tulipofumbua macho, alikuwa amesimama mlangoni, nyundo mkononi, masizi hadi masikioni.

"Mwalimu," akasema, maana ndivyo walivyotuita, "mimi nimekufa lini?"

"Hujafa, baba."

"Mbona mnaniita kama mnavyoita wafu? Watu wamekusanyika, wamefumba macho, mmoja anataja jina, wengine wanaitikia. Hivyo ndivyo tunavyomwita marehemu baba yangu tunapomwaga unga wa tambiko. Mtu aliye hai haitwi hivyo. Mnanitoa kwa walio hai!"

Mzee wa Kanisa, mtu wa palepale, akainamisha kichwa. Baadaye alinung'unika, "Tulijua, Mwalimu. Tulidhani kituo nacho kinajua."

Haonga hakungoja maelezo. "Mke wangu hatakanyaga tena hapa. Na banda hili liko shambani kwangu. Nikivuna ulezi, nalibomoa."

Basi mambo mawili yakawa hatarini kwa pamoja: tawi, na ubatizo wa Nalwimba. Mama yule hakulia. Aliniambia kisimani, "Mwalimu, mimi simkatai mume wangu, na Bwana simwachi. Tafuta njia. Ndiyo kazi yako."

Mkuu wa Kituo alikuja kwa pikipiki. Nilimweleza, nikasema nataka kumwuliza mzee mwenyewe kama anaridhia kuombewa. Akakunja uso. "Mwinjilisti, mtu anayezama haulizwi kama anataka kamba."

"Ni kweli, Bwana Mkuu. Lakini huyu anasema kamba tumemfunga shingoni."

Akawasha pikipiki. "Una nafasi mpaka Pasaka," akasema.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kwenye kiwanda cha Haonga. Nilikaa kwenye mivukuto nikapuliza moto mpaka chuma kikawa chekundu.

"Umekuja kunizika?" akauliza.

"Nimekuja kukuuliza. Tukuombee au tusikuombee?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Na nikikataa?"

"Kanisani hatutakutaja. Ila nikiwa peke yangu siwezi kuahidi kunyamaza, baba. Nikiahidi, nitakuwa nimesema uongo."

"Mnaniombea nini hasa?"

"Umjue Kristo, uokolewe."

"Niokolewe? Kwani nani ananidhuru?"

"Wewe fundi wa moto, huogopi chui. Juzi umekuja na nyundo kwa hofu ya kusikia jina lako tu. Tunaomba utoke kwenye hofu hiyo."

Akapiga chuma mara kadhaa. Nilidhani nimeharibu. Kisha akasema, "Mwalimu, una mdomo. Haya. Mniombee nikiwepo, nimesimama, na ninyi macho wazi mnaniona. Mkimaliza mseme mimi ni mzima."

Jumapili ile alisimama katikati ya kanisa kama bwana arusi. Nilimtaja, watu wakaitikia, "Bwana, mwokoe. Naye ni mzima!" Bibi mmoja akaongeza, "Na mkali!" Kanisa zima likacheka, Haonga naye akacheka. Ulezi ukavunwa, banda likabaki. Siku ya Pasaka Nalwimba alibatizwa mbele ya mumewe, ambaye alimnong'oneza Mchungaji asimmwagie mama watoto maji ya baridi.

Tangu hapo sikumtaja mtu kanisani bila kwenda kwake kwanza. Mkuu wa Kituo hakuwahi kusema nilikuwa sahihi, lakini aliwaamuru wainjilisti wote wafanye hivyo, nami nililiona hilo kuwa sifa kubwa kuliko cheti. Niliipeleka desturi hiyo Ikinga, kisha Tunduma, nikawaombea mmoja mmoja, kwa ridhaa yao, wanaume waliovuka mpaka kwenda migodini Rhodesia. Wengine walikataa. Waliokubali walinikumbuka waliporudi.

Sasa nimestaafu, nami sijafika hamsini. Magoti ndiyo yaliyostaafu kwanza. Roho bado inadai njia, na nikisikia kengele ya mbali nasimama bila kujua. Mnaponiuliza niliokoa wangapi, nasema sikuokoa hata mmoja, hiyo si kazi ya mwinjilisti. Kazi yangu ilikuwa kubisha hodi, na hodi nilibisha vizuri. Hilo nalisema kwa kiburi, Mungu anisamehe.

Siku ya kuniaga Nalwimba alikuja Tunduma kwa miguu, ametumwa na mumewe. Nilikuwa nimesikia kwamba Haonga alibatizwa enzi za mwinjilisti mwingine, miaka mingi baada yangu.

"Mzee hajambo?" nikamwuliza.

"Hajambo. Siku hizi ndiye anayeongoza maombi ya wasioamini. Sasa anataka kumwombea shemeji yake wa Ikinga. Alikwenda kumwomba ruhusa."

"Akasemaje?"

"Amefukuzwa na mbwa."

"Kwa hiyo ameacha?"

Nalwimba akanitazama kama anayemtazama mwanafunzi mzito. "Aache? Amesema mbwa wale wakishamzoea, atamwuliza tena."