Kiti cha Mbele cha Kuvukia Alunguli

Kosa langu la kwanza baada ya kuvunjika mguu lilikuwa kusimama. Nilikuwa nimeketi kwenye ubao wa mbele wa mtumbwi wa mota, ule uliochorwa alama nyeupe ya mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu. Mguu wa kulia nilikuwa nimeunyoosha ndani ya plasta, magongo yamelala mapajani. Mtumbwi ulikuwa bado umefungwa kivukoni, ukingoja watu wa kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto. Akaingia mzee mmoja wa kanzu ninayemjua kwa sura tu. Kwetu kijana haketi mzee akiwa amesimama. Sikumbuki nani alinifundisha. Nikasimama. Gongo likateleza kwenye ubao uliolowa, mtumbwi ukalala upande, nami nikatumbukia majini nikiwa nimeshika mkono wa kanzu yake, naye akanifuata.

Maji ya pale hayafiki kiunoni, kwa hiyo hatukuumia. Lakini plasta ilinyonya maji ikawa kama uji, hospitali wakaikata na kufunga nyingine, na majuma ya kungoja yakaanza upya. Watu wa kivukoni walicheka bila ubaya. Hata mzee mwenyewe alicheka akikamua kanzu, akasema nimemwogesha kabla Ijumaa haijafika. Mimi nilirudi nyumbani Mikelenge nikaapa kwamba sitakanyaga kivukoni mpaka nitembee kwa miguu yangu.

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Natengeneza simu, kazi niliyojifunza peke yangu kwa kuharibu simu zangu mwenyewe. Shule yangu ilikatwa na vita. Kifaransa nilikipata kwenye kamusi iliyong'oka kurasa za mwanzo, na hadi leo maneno yanayoanza na A yananitia wasiwasi. Mtu aliyejifunza peke yake huogopa sana kukutwa akikosea, maana hana mwalimu wa kumsingizia. Simu ya mteja naifungua mara ya pili baada ya kuifunga, nihakikishe sikusahau kitu. Hata magongo niliyafanyia mazoezi nyuma ya nyumba, mlango wa ua umefungwa, nikitaka siku nitakayotoka barabarani nionekane kama mtu asiyehitaji kuangaliwa. Nilivunjika mguu kwa pikipiki iliyoteleza kwenye tope, njia ya Tunda, na cha kwanza nilichokisikia pale chini hakikuwa maumivu, kilikuwa aibu ya suruali yangu iliyochafuka.

Shida ilikuwa kwamba ng'ambo, Alunguli, alikaa bibi yangu mzaa baba, na alikuwa mgonjwa. Alikuwa hatoki kitandani ila kwa kushikwa. Shangazi anayekaa naye alinipigia simu, akasema bibi ananiulizia kila asubuhi, chakula anakionja tu, na kwamba nisikawie. Nikamwambia anipe muda kidogo, plasta ikitoka nitakuja nikitembea. Kisha simu ikapita mkono mwingine, nikasikia sauti ya bibi, nyembamba kama inatoka chini ya blanketi.

"Baba yako naye alisema vile vile."

Baba alianguka kutoka juu ya mchikichi wakati wa vita. Nikisema vita, watu hutegemea risasi. Haikuwa risasi. Njaa ilikuwa mjini, mashamba hayafikiki, na baba, ambaye alikuwa fundi cherehani na hakuzoea miti, akapanda kukata vichala vya mawese ili mama apate mafuta. Mzee mmoja wa mtaa alimfunga mguu uliovunjika kwa vipande vya mianzi. Mto ulikuwa umefungwa. Wenye bunduki walikuwa upande wetu, wengine upande wa pili, na mitumbwi ilikatazwa kuvuka. Bibi alikuwa kule kwake, karibu na maji, na kila alasiri alishuka kutandaza shuka jeupe juu ya mawe. Likionekana, tulijua yu hai.

Baba hakuweza kushuka kwenda kuangalia. Njia ya kwenda majini ilikuwa ngazi za udongo zilizochimbwa kwa jembe, na mvua ilikuwa imekwisha kuzila. Alinituma mimi, ambaye meno ya utoto yalikuwa yanang'oka. Nilirudi mbio nikisema lipo. Haikumtosha. Alitaka kujua kama limenyooshwa vizuri au limetupwa tu, kama aliyelitandaza alikuwa ameinama au ameketi, kama alitazama upande wetu. Kwa umbali ule nilimwona mtu mdogo kama punje, lakini nilimjibu yote, na siku iliyofuata niliangalia kwa bidii zaidi ili nisimdanganye. Alinisikiliza amefumba macho.

Mitumbwi iliporuhusiwa tena, jirani msukuma mkokoteni alikuja, mtu mwenye mgongo mpana, akasema atambeba baba mpaka mtumbwini na ng'ambo atamteremsha. Baba alimshukuru, akakataa. Alisema mama yake hatamwona akiletwa kama gunia la mihogo mbele ya watu wote wa kivukoni, ataenda akitembea. Homa ilimchukua kabla mfupa haujashika. Bibi ndiye aliyevuka, kuja kumzika. Aliketi mkekani karibu na mama, akauliza jambo moja tu, kama mtoto wake alikuwa ameanza kusimama. Mama akasema ndiyo, kidogo. Haikuwa kweli.

Nimemkosa baba kwa njia ndogondogo. Nikisikia cherehani ya jirani, masikio yanangoja akohoe. Nikimaliza kazi ngumu ya simu naangalia mlangoni, kana kwamba yuko mtu atakayetaka nimweleze kila kitu tangu mwanzo. Usiwe na haraka, angesema. Baada ya simu ile ya bibi nilikaa na mguu wangu mweupe mbele yangu, nikaogopa kwa mara ya kwanza kitu kingine zaidi ya kuchekwa.

Asubuhi yake nilikwenda kivukoni. Mahali palipokuwa na ngazi za udongo sasa pana mteremko wa saruji na chuma cha kushikia, uliojengwa miaka hii ya amani kwa ajili ya watu wa baiskeli za mkono, zile za magurudumu matatu. Juu yake huketi mama mmoja kwenye baiskeli yake, naye ndiye hupanga watu wa ubao wa mbele. Alikuwa amenishuhudia nikianguka.

"Mugeni amerudi," alisema. "Leo unataka kuogesha nani?"

Wenzake wakacheka. Kwao mtu wa plasta ni mgeni, na wao ambao miguu haitarudi ni wenyeji. Wenyeji huingia kwanza. Mgeni huingia nyuma yao, na mapajani hubeba mzigo wa mwenyeji mmoja, kwa kuwa mikono ya mwenyeji ina kazi. Nilimwambia nitaketi nyuma na watu wengine. Nilijieleza kirefu, kama kawaida yangu: mguu wangu utapona, mahali pale si haki yangu, naona kama naiba.

Aliningoja nimalize.

"Itapona, tunajua. Leo iko muzima?"

Nikasema hapana.

"Basi kaa. Mukubwa akiingia, musalimie ukiwa umekaa. Hapa hakuna mutu anasimamia mutu." Akanipa nibebe kapu lenye kuku aliyefungwa miguu. "Na huyu asiruke. Wewe na yeye muko sawasawa leo."

Kijana wa mota akanining'inizia kapu begani. Nikashuka, mkono mmoja kwenye gongo, mwingine kwenye chuma. Mteremko ni wa taratibu mno. Mtu angeweza kuushuka ameketi, akijisogeza, bila kubebwa na yeyote. Katikati nilisimama. Mguu haukuuma. Nilikuwa namwona baba pale, na mianzi yake, anashika chuma hiki, anauliza kimetengenezwa na nani, anakisifu kwa sababu fundi husifu kazi ya fundi, kisha anateremka pole pole kwenda kwa mama yake. Nilimtaka pale kwa nguvu nisiyoijua. Nilitaka tu miaka ipishane kidogo, yeye apate mteremko huu, na mimi ningengoja wangu.

Nyuma yangu abiria wengine walikuwa wamepanga foleni. Mtu akaniambia kama nimelala niseme, wapite juu yangu. Nikaendelea.

Bibi alisikia magongo kabla hajaniona. Aliniamuru niketi kitandani, akagonga plasta kwa vidole kama anabisha hodi, akauliza kama ndani kunawasha. Nikasema kunawasha sana. Akafurahi. Halafu akataka kujua nimefikaje, nami nikamweleza: saruji, chuma, ubao wa mbele, yule mama na utani wake, kuku ambaye alinichafulia shati. Hakunikatiza hata mara moja.

"Hakuna mutu alikubeba?"

"Hakuna, bibi."

"Umeshuka mwenyewe tu."

"Mwenyewe."

"Kama ile saruji ingekuwako wakati wa baba yako…" alisema, na hakumaliza. Kisha akamwita shangazi alete chakula, akala pamoja nami, kidogo, lakini alikula.

Nilivuka tena juma lile, na lililofuata, nikiwa mgeni wa ubao wa mbele, na mizigo ya watu mapajani. Plasta ilipotoka, mguu ulikuwa mwembamba na umebaki mfupi kidogo. Bibi aliuona, akasema hauna sura nzuri. Alifariki mvua kubwa zilipoanza, mkono wake ukiwa ndani ya wangu. Sasa naketi nyuma ya mtumbwi na watu wengine. Bado nafungua simu za wateja mara ya pili, lakini nikiitwa na mtu wangu, naenda siku ileile, jinsi nilivyo.