Wenzi Wawili wa Fundi Vioo

Simu iliyoleta habari ilitoka kwenye namba ya mjomba mwenyewe. Nilikuwa dukani nikimtolea mteja nakala za mitihani, nikaipokea huku nacheka, kwa sababu mjomba hakuwa na kawaida ya kupiga mchana ila pale alipotaka kunitania. Lakini aliyesema hakuwa yeye.

"Binti yangu, umekaa?"

Ilikuwa sauti ya Gundi, mwenzake wa kazi.

"Nimesimama, nipo kwenye mashine. Mjomba yuko wapi?"

"Kaa kwanza."

"Mzee Gundi, usinitishe. Mjomba yuko wapi?"

Akashindwa. Muuguzi akaichukua simu na kuniambia kwa upole kwamba kioo kilimwangukia mjomba kwenye ngazi za jengo walilokuwa wakilifanyia kazi, kikamkata paja, na damu ilimwishia njiani kabla hawajamfikisha hospitalini kwao. Mashine iliendelea kutoa karatasi. Nilimwomba Mungu iwe ndoto. Kisha nikaona ombi hilo limechelewa, nikamwomba nguvu tu.

Mjomba alikuwa fundi vioo tangu ujana wake. Yeye na mkewe ndio walionilea baada ya mama yangu kufariki, kwa hiyo huyo mkewe namwita Mama, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Mdomoni mwa mjomba neno "mwenzangu" halikukauka. Muuza maji alikuwa mwenzangu. Mgeni kanisani alikuwa mwenzangu: "Mwenzangu, sogea kidogo, benchi hili hatukuachiwa urithi." Hata paka wa jirani aliyevizia samaki wetu alifukuzwa kwa heshima: "Mwenzangu, leo hapana." Mama alikuwa mwenzangu, na Gundi vilevile. Akiingia jioni na kusema, "Mwenzangu jino linamsumbua," sisi tuliuliza, "Yupi, wa nyumbani au wa karakana?"

Mama alimwahi kujibu. "Wa karakana. Wa nyumbani akiumwa, huyu huwa wa mwisho kujua."

Gundi alipata jina lake kwa sababu ya gundi ya madirisha ambayo haikumtoka vidoleni hata siku ya ibada. Mama alidai ni kwa jinsi alivyomganda mumewe.

Kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja. Hubebwa kimesimama kwa ubavu, mmoja mbele na mwingine nyuma, na wa nyuma ndiye macho ya wote wawili. Gundi, wa nyuma, alikuwa akisema "Kona," "Ngazi," "Tua," na mjomba aliye mbele alitii bila kugeuka. Neno kubwa kuliko yote lilikuwa "Acha!" Likitamkwa, wote wawili huachia na kuruka pembeni. Hakuna kujaribu kukiokoa kioo. Mjomba aliwafundisha hivyo vijana wa karakana: "Kioo kiko dukani. Mguu haupo dukani."

Siku ile Gundi alisema "Acha!" na kuachia. Mjomba hakuachia.

Vijana wa karakana walipokuja kutoa pole walieleza nusu tu, kwamba Gundi aliachia. Hiyo nusu ilimtosha mjomba mkubwa, kaka wa marehemu. Alisimama sebuleni mbele ya watu, akatangaza kwamba aliyeachia kioo asikanyage msibani wala kaburini.

"Akija namtoa mwenyewe," alisema. "Mwenzi gani anakutupia mzigo anakimbia?"

Hakuna aliyembishia, maana yeye ndiye mkubwa wa ukoo na alikuwa na uchungu wake. Nje, ng'ambo ya barabara, Gundi alikuwa amesimama kwenye ukuta wa fundi baiskeli, kofia mkononi. Alishinda pale. Watu walipita na viti, yeye akawapisha. Nilimpelekea maji, akaniuliza kama nguo ya kumvisha mwenzake imepatikana, na kama kuna mtu amekumbuka kuwa kola hubana shingo yake.

Siku ya pili Mama akanituma. "Mlete chumbani. Mpitishe mlango wa jikoni."

Aliingia, akakataa kiti, akapiga magoti kwenye sakafu karibu na godoro alilokalia Mama.

"Shemeji, nimekuja kusema kweli, kisha mnifukuze. Mwenzangu alikuwa hasikii. Sikio moja lilikufa kitambo. Tajiri angejua angemwondoa kazini, ndiyo maana nikaficha. Tulipanga kioo kikae upande wa sikio bovu siku zote, lile zima libaki wazi kwangu. Lakini ngazi za jengo lile zinapinda kinyume. Ikabidi tuhame upande, kioo kikaziba sikio zima. Nikasema tu, mara hii moja, nitapaza sauti. Nilipaza, shemeji. Wallahi mbele za Mungu nilipaza."

"La kushoto," Mama alisema.

"Ulijua?"

"Unadhani mimi nililala kulia kwake miaka yote hiyo kwa sababu ya dirisha? Nikitaka kumwambia neno gizani, nalisemea wapi?" Akaanza kulia. "Alinikataza nisikwambie. Alisema, 'Gundi akijua ataogopa kubeba na mimi.'"

"Na mimi aliniapisha. Alisema ukijua utamzuia."

"Ningemzuia, Gundi. Wewe ungeniambia, au mimi ningekwambia, angekuwa hapo kwenye kiti anatupigia kelele."

Nilikuwa mlangoni, na sikuwahi kusikia watu wazima wakilia namna ile. Kila mmoja alikuwa amemtunza kwa upande wake, akidhani yuko peke yake.

Mjomba mkubwa alisikia vilio akaja. Alipomwona Gundi akanyoosha kidole mlangoni. Mama akainuka.

"Shemeji, sikia. Alichokijua huyu nilikijua mimi. Kama ni kufukuza, tufukuze wote wawili, halafu utafute nani wa kumzika mume wangu."

Mjomba mkubwa akashusha kidole. Mwishowe akasema, "Asije kukaa karibu na mimi," akaondoka. Sisi hatukuomba zaidi. Jioni ile Gundi alikuwa sebuleni akipanga viti, na hakuna aliyemgusa.

Tulimzika mjomba alasiri iliyofuata. Mchungaji alisoma Neno na kusema kwamba mwenzetu ametutangulia, akatuombea wote faraja. Jeneza lilishushwa kwa kamba, taratibu. Mama alitupa udongo, kisha akamwita Gundi kwa mkono, naye akatupa wa kwake kabla ya ndugu wa damu. Mjomba mkubwa aliangalia pembeni, akangoja zamu yake, akaja. Mimi nilifuata. Vijana wa karakana walichukua makoleo wakajaza, tukaimba mpaka shimo likajaa, tukaweka maua na msalaba wenye jina lake. Gundi alibaki ameinama kidogo, midomo ikicheza, sikusikia alichosema. Ardhi ilikuwa laini, Mama akaniomba nimshike mkono, tukarudi nyumbani.