Kibao cha Kituo cha Saba

Fundi Vibao alikuwa na sifa moja mjini, na aliipenda kuliko alivyowahi kumpenda mtu: haongezi herufi wala hapunguzi. Ukimpelekea karatasi umeandika "Duka la Dwa", anakuchongea "Duka la Dwa", na ukirudi na kelele zako anavuta droo na kukutolea karatasi yako. "Mwandiko wa nani huu?" Unanywea. Mkewe alimwacha kwa ubishi wa namna hiyo hiyo, naye akabaki na mama yake mzazi katika vyumba viwili nyuma ya karakana.

Mama alikuwa kikongwe mwenye ulimi mwepesi, asiyejua kusoma hata jina lake. Ukoo wao uliitwa wa Vidole Tisa, kwa sababu babu yake mama alikufa na vidole tisa vya mikono. Cha kumi, kwa masimulizi ya mama, kilikatwa na kamba siku babu alipomwokoa mvumbuzi, yule mgeni wa kwanza aliyeshuka mto huu na kuuandikia kitabu. Mashua ilikuwa inavutwa na maporomoko, babu akajiviringisha kamba mkononi, akakumbatia mti. Kidole kikaenda, mgeni akapona. "Na hata asante hakupewa," mama alimalizia kila mara, kwa uchungu wa jambo la juzi.

Ndipo ukaja mradi wa njia ya majini. Wageni washuke mto kwa mitumbwi, wafuate alikopita mvumbuzi, na kila kituo kiwe na kibao cha kueleza kilichotokea pale. Mama aliposikia alitoa nguo zake za kutokea, akaenda kukaa kwenye benchi la ofisi ya mradi siku nne, mpaka dada mratibu akachoka kumruka miguu.

"Babu yangu yumo kwenye hicho kitabu," mama alimwambia. "Mtafuteni. Ana vidole tisa."

Dada mratibu alikuwa mtu wa haki, na Mungu atuepushe na watu wa haki. Alitafuta ukurasa kwa ukurasa. Akampata.

Baada ya mwezi alimletea fundi karatasi kumi na mbili, kila kituo na yake. Ya saba ilisema hivi: "Hapa mvumbuzi alimchapa viboko kiongozi wake wa mto kwa kuiba chumvi ya msafara, akamkata kidole na kumfukuza. Anaandika: 'Sijapata kuajiri mwongo na mwoga kama huyu.'"

Fundi aliisoma mara tatu.

"Dada, huyu ni babu yetu."

"Najua. Mama yako ndiye aliyetufungua macho. Bila yeye hiki kituo kisingekuwepo."

"Basi kiondoe."

"Ramani zimeshachapwa, kaka yangu."

"Lakini aliyeshika kisu ndiye huyo huyo aliyeshika kalamu! Kwa nini nimwamini?"

Dada alimtazama kwa huruma ya kweli. "Huenda alidanganya. Sasa babu yako yeye ameandika wapi?" Fundi akaigeuza karatasi. "Kama mkono unakuwa mzito nitaelewa," dada aliendelea. "Kuna watu wana mashine siku hizi, wanamaliza kwa siku moja."

Hapo alimgusa penyewe. Mtu huyu angeweza kuvumilia babu yake aitwe mwizi; kuambiwa mashine inamshinda hakuweza. Simtetei.

Akachonga. Alichonga mchana kweupe, milango wazi, mama amekaa kwenye kigoda akikusanya maranda ya kuwashia moto.

"Umeshafika kwa babu?" mama aliuliza.

"Nimefika."

"Chimba herufi zake vizuri. Mvua isije ikamfuta."

Patasi ikaingia kwenye neno "mwongo", naye akachimba vizuri, kwa kuwa hakujua kuchimba vibaya. Wiki ile mama alishikwa na kikohozi kibaya. Fundi akajikuta akikihesabu kikohozi kile kutoka chumba cha pili, na akitamani, Mungu amsamehe, kimmalize kabla ya uzinduzi wa vituo. Mama akapona. Wazee wa namna hiyo hupona wasipotakiwa.

Siku ya uzinduzi mama alimshika mwanawe mkono, akapapasa ule ubao uliopakwa vanishi, herufi moja moja. "Nisomee."

Fundi alitazama karatasi iliyokuwa kichwani mwake, kisha akamtazama mama. Kwa mara ya kwanza maishani aliongeza na kupunguza. Alisoma kamba, alisoma mti, alisoma kidole. Mwisho akaongeza: "Asante yetu haina mwisho." Mama alilia mpaka akaketi chini.

Tangu siku hiyo hakushikika. Kila asubuhi alibeba kigoda chake hadi kituo cha saba, akawangoja wenye mitumbwi. Akawasimulia, sauti imemkauka, na kila akimaliza alikigonga kibao kwa kiganja: "Kama mnadhani natunga, someni wenyewe!" Nao wakasoma. Wengine waliziba midomo, wengine waligeukia maji mabega yakiwatikisika. Wengi waliomba kupiga naye picha, naye aliinua mkono mmoja na kukunja kidole kimoja, kama babu.

"Watu wa heshima sana wale," alimwambia mwanawe. "Wanacheka kwa furaha."

Fundi alirudi pale mara moja tu. Alisimama nyuma ya watu akasikia kicheko, akaondoka. Kumwambia alishindwa, na kila siku aliyochelewa iliifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi.

Msimu ulipokwisha dada mratibu alikuja karakana amejaa bashasha. Wageni walikuwa wameandika kwamba katika vituo vyote, cha saba ndicho kitamu. Alimpa fundi karatasi ndogo ya kibao kingine, cha kusimikwa pale mitumbwi inapotia nanga: "Msikilizeni bibi kwanza, ndipo msome kibao."

Fundi aliuliza kama hii ni lazima. Dada alisema si lazima hata kidogo. Yule mwenye mashine yuko tayari.

Mama aliingia na kapu la maranda akamkuta ameinamia ubao mpya, penseli sikioni.

"Hicho nacho kinasemaje?"

"Kinasema watu wakusikilize wewe kwanza."

Safari hii hakuongeza wala hakupunguza. Mama aliweka kapu chini, akashika mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mimi?" alisema. "Basi chimba vizuri, mwanangu. Mvua isije ikanifuta."

Fundi akachukua patasi, akaanza na herufi ya kwanza.