Kuku Aliyekwenda Kuniombea Nafasi ya Chuo

Nililia wiki nzima kwa sababu ya D+ ya hesabu. Matokeo ya kidato cha nne yalinipa C+ kwa jumla, na baba alikuwa ameshatangaza kanisani, siku ya Sabato, kwamba Akinyi wake anakwenda kuchukua digrii ya biashara. Kisha mwalimu wangu akatutia wasiwasi: kozi za biashara, alisema, huangalia hesabu. Baba hakutaka kuuliza kwa simu. Aliamini mtu akikuona uso atakusaidia. Basi tukafunga safari.

Jumatatu asubuhi, Ndhiwa. Mama alitusindikiza hadi barabarani, akamkabidhi baba kuku mwekundu aliyefungwa miguu. Kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Nilijaribu kusema kwamba ofisi si nyumba ya mtu, nikatazamwa kwa jicho lililoninyamazisha. Tukapita mashamba ya miwa yenye umande, baba amempakata kuku kama mtoto mchanga.

Rongo tulifika kabla ya adhuhuri. Askari wa lango la chuo kikuu alitutazama kuanzia viatu.

"Mzee, hiyo kuku inaenda wapi?"

"Kwa ofisi ya kuandikisha wanafunzi."

"Inataka kusomea nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alicheka, tena kwa sauti, na kuku akabaki chini ya benchi la askari.

Ofisini, kijana mpole mwenye tai aliyasoma matokeo yangu polepole.

"Akinyi, C+ ni poa. Lakini digrii ya biashara hapa inataka C ya hesabu. Na hii D+ haifiki."

"Huyu husaidia mamake kuuza mboga sokoni," baba alinitetea. "Hakuna mtu amewahi kumdanganya."

"Nakuamini, mzee. Lakini kompyuta haijui hiyo." Akanigeukia. "Kwani diploma hutaki? Kuna chuo Homa Bay wanafundisha usimamizi wa biashara. Ukipita vizuri, unarudi hapa kuomba digrii."

Hakuna aliyekuwa ametuambia hivyo. Nilifurahi hadi nikasahau kusema asante. Baba alianza kuikunja karatasi ya matokeo; nilijua anawawazia watu wa kanisani.

Tulimchukua kuku langoni, na jioni, Homa Bay, tulilala kwa dada yake baba, waya Atieno, anayeuza samaki karibu na ziwa. Alitupakulia samaki aina ya ngege na ugali wa mtama, tukala hadi tukaegemea kuta. Baba alipompa kuku, alikataa.

"Mtoto hajapata barua, mnanipea kuku ya nini? Rudini nayo. Ichinjwe siku barua imekuja."

"Nilishaambia watu ni digrii," baba akaguna.

"Kwani ni wao watasoma?"

Waya alicheka mpaka akashika meza, na baba akashindwa kujizuia. Nililala vizuri usiku ule.

Asubuhi tulikwenda chuoni. Mama wa mapokezi aliyatazama matokeo mara moja tu. "Hii inaingia. Omba leo, utaitwa." Nilimwuliza tena, akajibu vilevile, safari hii akitabasamu. Nikaomba pale pale.

Ndhiwa tulirudi jua likiwa bado kali. Kituoni tulimkuta jirani yetu wa kanisani.

"Mzee, digrii imepatikana?"



"Diploma," baba akajibu, kwa sauti ya kusikika kituo kizima. "Ya biashara. Digrii itafuata."

Sijawahi kumpenda baba kama dakika ile.

Safari hiyo ilinifundisha kuuliza kwanza. Kulia kunaweza kungoja. Wiki nzima nilimwaga machozi kwa jambo ambalo kijana mwenye tai alilieleza kwa maneno machache.

Barua ilipokuja, mama alipiga kigelegele, akachukua kisu na kwenda moja kwa moja kwa yule kuku mwekundu. Baba akasimama katikati yao.

"Chinja ingine," alisema. "Hiyo tumeogopa nayo pamoja."