Siku Redio Ilipotangaza Majosho Mawili

Yule baba alifika kituoni kwetu asubuhi, vumbi limempanda hadi magotini. Aliegemeza fimbo yake ukutani kabla ya kuingia. Wafugaji wengi wanaokuja redioni huleta tangazo: ng'ombe amepotea, kuna sherehe, kuna kikao. Yeye hakuwa na tangazo. Aliuliza ni nani yule mama anayesoma habari za mifugo.

Mama huyo alikuwa mtangazaji wetu wa Kimaasai na Kiswahili, na sote tulimwita Yeyo, yaani mama. Alitoka studio akijifunga shuka vizuri, wakasalimiana kwa Kimaasai kwa muda mrefu, kama wanavyosalimiana watu wenye jambo zito. Kisha yule baba akageukia Kiswahili. Nadhani alitaka na sisi wengine tusikie.

"Mama, nilikusikia ukisema tupeleke ng'ombe josho la Soitsambu kwa chanjo. Nikakusikia tena ukisema josho la Piyaya. Kwa wakati mmoja. Mke wangu akasema redio imeharibika. Nikasema tusubiri, atarudia. Ukarudia, ukasema yote mawili tena."

"Ukaenda wapi?" Yeyo akauliza.

"Soitsambu. Nyumbani kwangu ni Piyaya. Chanjo ilipigwa karibu na boma langu, na mimi niko njiani naiacha nyuma. Ng'ombe mmoja mwenye mimba alianguka. Hakuinuka."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Alikunywa chai tuliyompa, akaaga, akachukua fimbo yake akaondoka. Yeyo alibaki amekaa pale kwenye benchi, mikono juu ya mapaja.

"Sauti ni yangu," alisema baadaye. "Lakini mimi sikusema mambo mawili."

Ilikuwa kweli. Siku moja alirekodi tangazo la Soitsambu, na daktari wa mifugo alipobadilisha mahali, akarekodi la Piyaya. Kazi ya kuyarusha hewani aliiachia kompyuta. Na kompyuta ilikuwa kazi yangu.

Mimi ni mzaliwa wa Rhotia, kwenye mahindi na maharage. Nilipopata kazi ya ufundi kwenye redio hii ndogo upande wa Loliondo, mama yangu alinifungia sweta na blanketi kana kwamba nahamia nchi nyingine. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili, mnara, na betri za sola. Programu ya kurusha vipindi niliikuta imeshaandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka, na kila mtu alijua tabia yake moja: mara kwa mara ilikufa yenyewe, ikajiwasha upya, vipindi vikaendelea. Tulishaizoea.

Meneja wetu alisema tuizime moja kwa moja. "Dada, turudi kwenye flashi. Mtu anachomeka, anabonyeza, anachomoa. Hakuna sauti mbili."

"Na mchana, studio ikiwa haina mtu?"

"Mchana tunyamaze."

Yeyo naye alikuwa na lake. "Mashine hiyo haitaitumia tena sauti yangu mpaka uniambie kwa nini ilifanya vile."

Daktari wa mifugo alikuwa ameahidi kurudi kuwachanja ng'ombe waliokosa. Nikamwomba meneja anipe muda mpaka tangazo hilo. Alinitazama, akatazama benchi pale yule baba alipokuwa amekaa, akasema, "Haya."

Kujua chanzo hakukuwa kugumu. Ndani ya kompyuta, programu inayofanya kazi huitwa mchakato, na mchakato unaweza kuzaa mwingine. Programu yetu kuu ilikuwa mzazi. Kila tangazo lilipofika saa yake, mzazi alizaa mtoto wa kulicheza. Kumbe mzazi alipokufa ghafla, mtoto hakufa naye. Mfumo endeshi, yaani programu inayosimamia kompyuta nzima, ulimchukua yatima huyo ukamkabidhi kwa mchakato wa kwanza kabisa, ule unaoanza kompyuta inapowashwa, naye akaendelea kucheza lile lile alilotumwa. Mzazi mpya akiwaka, hakumjua yatima huyo. Alizaa mtoto wake. Siku ile yatima alikuwa anarudiarudia Soitsambu, mtoto mpya akawa anasema Piyaya.

Nilimweleza Yeyo hivyo hivyo. Alifikiri kidogo. "Sasa huyo yatima, nani mwenye amri naye?"

"Kiini," nikasema. Kiini ndicho moyo wa mfumo endeshi. Hakuna programu inayogusa spika, diski au programu nyingine bila kukiomba.

"Basi kakiombe."

Jaribio langu la kwanza lilikuwa la haraka na la kijinga. Niliandika amri kwamba mzazi mpya akiwaka, kwanza aue kila kitu kinachocheza sauti, kisha aanze. Mchana ule ule programu ilijiwasha upya katikati ya ibada ambayo meneja alikuwa akiicheza kwa mkono kutoka kwenye flashi. Maombi yakakatika katikati ya sentensi. Simu za wasikilizaji zikaanza kuingia. Meneja alifunga mlango wa studio, taratibu.

Niliitoa amri ile. Siku hizo mtandao ulikuwa umekatika kabisa, hivyo sikuwa na wa kumuuliza, lakini kompyuta za aina ile huja na maelezo yake ndani. Nikawa nakaa nayo kuanzia jua linapopata nguvu na betri kujaa, nasoma ukurasa mmoja hadi mwingine. Ndipo nikakutana na mwito unaoitwa prctl. Kwa mwito huo mchakato unakiambia kiini jinsi unavyotaka utendewe. Moja ya maombi unayoweza kutoa ni hili: mzazi wangu akifa, nitumie ishara. Nikachagua ishara ya kuua, ile ambayo mchakato hauwezi kuikataa wala kuichelewesha.

Mtoto anapozaliwa huwa nakala ya mzazi wake, halafu ndipo anavaa programu ya kucheza sauti. Katikati ya hatua hizo mbili pana nafasi fupi. Niliweka ombi langu hapo. Nikajaribu mezani: nikamuua mzazi, mtoto akanyamaza papo hapo. Nilicheka peke yangu chumbani.

Nilipoliweka kwenye mfumo wa kituo, nyimbo zikaanza kukatika. Wimbo uliingia, ukafika maneno ya kwanza, kimya. Unaofuata, kimya. Na mzazi alikuwa mzima kabisa.

"Umeua na wazima," meneja akasema.

"Naona."

"Flashi ipo mezani."

"Naiona pia, kaka. Niache kwanza."

Nilirudi kwenye ukurasa ule ule nikausoma polepole, kama mtu anayesoma mkataba. Jibu lilikuwa chini, mahali ambapo mtu mwenye haraka hafiki. Programu moja inaweza kuwa na nyuzi nyingi, kila uzi unafanya kazi yake. Mzazi anayehesabiwa na kiini katika ombi hili ni ule uzi uliomzaa mtoto, si programu nzima. Yule mwandishi wa mwanzo alifungua uzi mpya kwa kila kipindi. Uzi ukamzaa mtoto, ukamaliza kazi, ukaisha. Kiini kikaona mzazi amekufa, kikatuma kifo kama kilivyoombwa. Kilikuwa kinatii kuliko nilivyotaka.

Nikaanza kupanga upya. Nikafanya watoto wote wazaliwe na uzi mkuu, ambao hauishi mpaka programu yenyewe iishe. Nikaziba na pengo lingine dogo: mzazi anaweza kufa kabla mtoto hajamaliza kutoa ombi, na hapo ishara haitakuja kamwe. Kwa hiyo mtoto, baada ya kuomba, anakiuliza kiini mzazi wake ni nani sasa. Akikuta si yule aliyemzaa, anajitoa mwenyewe. Kazi hiyo ilinichosha macho na mgongo, lakini sikuwa tena na wasiwasi. Nilijua ninachokitafuta.

Nilimwita Yeyo nikamwonyesha mezani. Akatikisa kichwa. "Mezani ulifaulu na mara ile. Fanya hewani. Nisikie kwenye redio, kama wao."

"Watu watasikia ukimya."

"Ukimya haujaua ng'ombe wa mtu."

Basi akarekodi tangazo jipya la chanjo, tukaliacha lijirudie hewani, naye akatoka nje na redio yake ndogo, akakaa kwenye jua. Mimi ndani nikamuua mzazi. Sauti ya Yeyo ikakatika katikati ya neno. Kimya. Nilisikia upepo ukipiga kwenye nyaya za mnara. Kisha mzazi mpya akawaka, na tangazo likaanza tangu mwanzo, sauti moja, safi. Yeyo akanipungia mkono kupitia dirishani: tena. Nikaua tena. Akapunga tena. Tukaendelea hivyo mpaka akasimama, akazima redio yake na kuingia ndani.

"Sasa itumie sauti yangu," akasema.

Siku ya chanjo tulipata lifti ya gari la daktari hadi Piyaya. Ng'ombe walikuwa wengi, vumbi na kelele za kengele, vijana wakiwasukuma mmoja mmoja kuingia kwenye kibanio cha kuchanjia. Yule baba alikuwepo na kundi lake. Alimsalimia Yeyo, kisha akaniuliza mimi ni nani. Yeyo akamjibu kwa Kimaasai, maneno mengi kuliko niliyoweza kufuata.

Yule baba akanitazama. "Anasema unazuia mashine isiseme uongo."

"Najaribu, baba."

"Jaribu sana," akasema, akageuka kumshika ndama mmoja sikio, maana zamu yake ilikuwa imefika.