Siku Baba Aliporuka Kibenga

Juzi mwanangu Nuru alirudi kutoka shuleni na vizibo vya soda miguuni. Mwalimu wao alivitoboa kwa msumari, akavitunga kwenye kamba, akawafunga watoto wote vifundoni kwa ajili ya sherehe ya kufunga mwaka. Nilikuwa naosha vyombo uani. Nilimsikia kabla sijamwona: cha, cha, cha, kuanzia kwa fundi wa matairi mpaka mlangoni kwetu. Mikono yangu ikaganda ndani ya maji. Nilipopata akili nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mtoto wa miaka sita, nakata kamba kwa kisu cha vitunguu, yeye analia, mimi nafoka. Majirani walichungulia. Wachungulie.

Jioni ile ile nilimtungia vizibo vingine kwa mkono wangu, maana kucheza na wenzake si kosa lake. Lakini hasira haikuisha, na wiki hiyo hiyo ndiyo simu ikaja. Mama mmoja, sauti tamu kama sharubati, ananiambia wanaandaa kumbukumbu ya babu yangu, na wangependa Nuru aruke mbele ya wageni, kwa sababu ana damu yake. Ana damu yake. Kila mtu mtaani kwetu Buyenzi ananiambia hivyo, kama vile mtoto ni chupa na wao wanasoma karatasi iliyobandikwa juu. Basi kaeni niwaeleze hiyo damu.

Babu yangu ni Juma Mwewe. Kama wazazi wako ni wa Bujumbura, waulize. Alikuwa mchezaji wa lile kundi lililopelekwa Ulaya kuonyesha ngoma za kwetu, ambalo watu waliliita bale, kama la Wazungu. Waliomwona husema alikuwa anaruka, anawatazama watu waliokaa nyuma kabisa, anawasalimia, ndipo anakumbuka kushuka. Picha yake, mkuki mkononi, nywele za bandia za katani zinapepea, ilitundikwa kwa vinyozi na kwenye duka la vipuri la jirani yetu, katikati ya kalenda na bei ya mafuta ya breki. Mimi nilikuwa nikipita pale kwenda madrasa naangalia juu kidogo, ili watu wanikumbuke mimi ni wa nani.

Alipozeeka alikaa Kibenga, karibu na ziwa, kwenye nyumba aliyopewa na mkubwa mmoja aliyempenda. Uani hakukuwa na saruji wala majani. Kulikuwa na mchanga wa ziwa, umechujwa, umesawazishwa kwa ubao. Ule mchanga ulikuwa shule yake.

Njuga zake zilikuwa nane kila mguu, zimeshonwa kwenye mkanda wa ngozi. Mtoto anayeanza, Babu alimjazia pamba ndani ya njuga zote mpaka ziwe bubu. Unaruka. Ukitua sawasawa, miguu miwili kama mguu mmoja, anakuja na kijiti anatoa pamba kwenye njuga moja. Moja tu. Ukikosea, anairudisha. Na hakuwa anatazama. Alikaa kwenye kiti chake cha mianzi, macho amefumba, anasikiliza. Aliyetua vizuri anatoa sauti moja: cha. Aliyetua vibaya anatoa mbili, moja inaifuata nyingine, na hapo Babu alitema mate pembeni bila hata kufumbua jicho.

Kila Idi ndogo ukoo wote ulitoka Buyenzi kwenda kula pilau kwake. Baada ya pilau, mjukuu yeyote aliyetimiza miaka tisa aliruka mara tatu, njuga wazi, bila pamba. Atakayetoa sauti moja mara zote tatu anabaki Kibenga. Anabaki kabisa: analala pale, anafundishwa pale, siku moja anapanda ndege. Hakuna aliyeuliza mama wa mtoto. Kinamama wenyewe walikuwa wanaomba dua itokee kwao.

Mama yangu aliomba kuliko wote. Mwaka ule nilikuwa na miaka tisa, soko la mjini lilikuwa bado halijaungua, na kwa miezi mitatu Mama alinifundisha uani kwetu mchana, Baba akiwa garaji. Pamba tulitoa kwenye godoro la zamani. Badala ya njuga tulitumia vikopo vya maziwa. Mama alikuwa anapiga makofi, ananiambia piga goti laini, mwanangu, tua kama unakanyaga mtoto aliyelala. Wiki ya mwisho ya Ramadhani alinipangia begi: gauni la kulalia, mswaki, mkeka mdogo wa kuswalia, na soksi nyeupe ambazo sijui alifikiri nitazivaa wapi. Baba hakuambiwa. Mimi pia nilinyamaza, na nilifurahia kunyamaza.

Baba yangu, Ramadhani, ni fundi wa magari. Alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Sisi watoto tulichukulia kuchechemea kama tabia yake, jinsi wengine wanavyokuwa na kikohozi. Nyumbani ilisemwa kwamba jeki iliteleza, gari likamwangukia, na mambo ya gari huko Buyenzi hakuna anayeyahoji. Siku za Idi pale Kibenga hakuwa anakaa uani. Kila mwaka aligundua gari la mgeni fulani lina shida, akalifungua boneti nje ya geti, kanzu ameikunja kiunoni, akabaki huko mpaka saa ya kuondoka. Nilikuwa naona aibu. Wenzangu baba zao walikaa kwenye viti, wangu alinuka grisi siku ya Idi.

Siku yenyewe nilishindwa kula pilau. Aliyetangulia ni binamu yangu Issa, aliyekula sahani mbili, akaruka mara moja tu na kurudi chini kama gunia la mkaa. Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Babu akatema mate. Kisha Shangazi Hadija, dada wa Baba, akanifunga mimi njuga. Nakumbuka alizifunga, akazifungua, akazifunga tena, na nilifikiri ni furaha.

Niliruka. Cha. Niliruka tena. Cha. Sasa nilisikia hata mawimbi ya ziwa na kuku wa jirani. Mara ya tatu nilikwenda juu nikaona, naapa niliona, bati la nyumba ya pili, na nguo zilizoanikwa, na kichwa cha Baba nje ya geti kimeinama kwenye injini. Kisha nikashuka. Cha.

Babu akafumbua macho. Hakuniangalia usoni, aliangalia vifundo vyangu. Akasema, "Huyu anabaki."

Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikapasuka, akakimbilia ndani kuleta begi. Hivyo vigelegele ndivyo Baba alivyovisikia. Alikuja kutoka getini akifuta mikono kwenye kitambaa. Aliliangalia begi, akamwangalia Mama, akaniangalia mimi. Akachuchumaa mbele yangu kwenye mchanga, akaanza kunifungua njuga. Nilidhani anataka kunipongeza. Badala yake akakaa chini, akavua viatu, akajifunga zile njuga mwenyewe. Mkanda haukutosha mguu wa kushoto, kifundo kilikuwa kimevimba upande mmoja kama kitunguu. Ilibidi aufunge kwa kile kitambaa cha grisi.

"We Rama," Babu akasema, "acha michezo. Huo uwanja si wako."

"Fumba macho, Mzee," Baba akasema. "Mi sitaki uniangalie. Nataka unisikie."

Akaruka. Kumbukeni, ni mtu mzima, ana tumbo, amevaa kanzu. Hakwenda mbali. Cha, cha. Issa akacheka, mama yake akamfinya. Baba akaruka tena. Cha, cha. Sauti ya pili ilichelewa, kama mtu anayeburutwa. Jasho lilimtoka kwenye masikio. Akaruka tena, na tena, na nilianza kulia kwa aibu, nikimwomba Mungu aanguke ili aache. Mara ya tano akaanguka kweli, akashika chini kwa mkono, akasimama na mchanga mdomoni, akaruka.

"Inatosha," Babu akasema. Macho yake yalikuwa wazi sasa.

"Apana, haitoshi. Ile siku niliruka mara kumi na moja. Hukusema inatosha."

Sikuelewa. Watu wazima wote walielewa, nilijua kwa namna walivyoanza kukusanya sahani ambazo zilikuwa na chakula bado. Babu alikaa, mikono juu ya magoti. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mtu aliyehutubia hata kinyozi, lakini pale yalimtoka matano tu. Akasema polepole, kama mtu anayezungumza na mlango, "Muchukue mutoto wako. Uende naye."

Baba akafungua njuga, akaziweka juu ya begi, akaliacha begi palepale, akanishika mkono.

Tulitembea. Mama alibaki nyuma, hakutaka kutembea na sisi. Kutoka Kibenga mpaka Buyenzi si karibu, na Baba hakusimamisha gari hata moja, labda hakutaka kukaa karibu na watu. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, na mimi ni mtu mwenye hasira. Nilivuta mkono. Nilimpiga mgongoni. Tulipofika Rohero, katikati ya mji, maduka yamefungwa kwa ajili ya Idi na barabara tupu, nilisimama katikati ya lami nikamwambia neno ambalo nilikuwa nimelibeba njia nzima.

"Una wivu! Wewe hujui kuruka, ndiyo maana una wivu na mimi!"

Alisimama. Alikuwa amekunjamana uso, nilifikiri kwa hasira. Sasa najua ni maumivu ya mguu.

"Ndiyo," akasema. "Nina wivu. Twende, jua kali."

Hivyo tu. Alinipa ule uongo niushike, na mimi niliushika miaka kumi na mitatu. Nilimnyima Baba salamu asubuhi. Nilipopata alama mbaya sekondari nilisema ni yeye. Kwenye harusi yangu nilimweleza rafiki yangu, Baba akiwa mita mbili kutoka kwetu, kwamba ningekuwa Ulaya saa hizi kama si fundi mmoja mwenye roho ya kwa nini. Babu alipokufa nililia kwa sauti ili Baba asikie.

Kisha nikamzaa Nuru. Shangazi Hadija alikuja kunikanda siku zile za arobaini, maji ya moto, kitambaa, mikono yake mizito, na nikiwa nimelala hoi nikaanza ule wimbo wangu wa Baba na wivu wake. Mikono ikasimama juu ya tumbo langu. Akaniuliza kama ni kweli mpaka leo sijui habari ya ule mguu. Nikamwambia najua, jeki iliteleza.

Hakukuwa na jeki. Baba alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrukaji bora kuliko Babu mwenyewe. Siku moja kabla ya wageni kuja kuchagua watakaopanda ndege, alitua vibaya, mfupa wa mguu ukavunjika. Babu akasema umeteguka tu. Akausomea dua, akaufunga kwa kitenge cha Shangazi, na kesho yake akamsimamisha mbele ya wageni. Wageni walipenda. Wakataka tena, na tena. Mara kumi na moja, na mtoto hakulia, kwa sababu baba yake alikuwa amekaa pale na anamwona. Shangazi alikuwa na miaka kumi, ndiye aliyekuwa akisubiri kitenge chake kirudi. Alisema kilirudi ila hakuwahi kukivaa.

Ndege iliondoka na Babu. Mtoto alibaki na mguu kama ndoo. Baada ya miezi minne Babu akarudi na zawadi, viatu vya ngozi vya Ulaya, vizuri sana, na cha kushoto hakikuingia. Watoto wengine waliendelea kufungwa njuga, na ukoo ukaendelea kula pilau.

Nilimuuliza Shangazi kwa nini Baba hakuniambia. Akakikamua kitambaa kwanza. Kisha akasema Baba alimwambia hivi: mutoto akichukia baba yake atapona, lakini akijua babu yake alimufanyia nini baba yake, ataruka kwa ajili ya kumulipizia, na huyo hatapona. Sijui kama ni kweli. Naijua hasira yangu, nadhani ni kweli.

Yule mama wa sauti tamu nilimjibu Nuru haendi. Akaniuliza sababu, nikamwambia sababu ni mimi.

Halafu nikaenda garaji. Nilikuwa sijawahi kusema na Baba juu ya siku ile, na nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu nyumbani. Nilimkuta uvunguni mwa gari. Nje ilikuwa miguu yake tu, mmoja unatazama juu, mwingine unatazama pembeni kana kwamba una shughuli zake. Nilichuchumaa, nikaiangalia. Ile miguu aliificha maisha yake yote nyuma ya maboneti, nyuma ya uongo wa jeki, na akaitoa mara moja tu, mbele ya ukoo mzima, na mtu ambaye ilitolewa kwa ajili yake akampiga mgongoni njia nzima.

Nikasema asante. Nilisema kwa sauti ndogo, kulikuwa na mtu anagonga bati.

"Unasema nini?" akauliza kutoka chini.

Nilikuwa nalia, na bado nilikuwa na hasira, naye, na wote, na mimi mwenyewe. Nikamwambia, "Nasema asante, Baba. Kwa ile Idi."

Kugonga bati kukakoma. Kidole kikubwa cha mguu wa kushoto kikajikunja, kikajikunjua. Kisha mkono wenye grisi ukatoka uvunguni, ukanyooshwa, akaniomba nimpe spana namba kumi na tatu.